Kazi ya Nani?

Siku tulipomzika mdogo wangu, Agosti 2013, nilisikia maneno haya mara sita: kazi ya Mungu haina makosa. Nilihesabu kwa sababu machozi yalikuwa yamekataa kutoka, na akili ilitafuta kitu cha kushika. Mwenyekiti wa kitongoji aliyasema. Mwalimu mwenzake aliyetumwa na shule aliyasema, karatasi ikimtetemeka mkononi. Mama mmoja wa kikundi chao cha kuweka na kukopa aliyasema kabla ya kutaja kiasi cha rambirambi. Kiongozi wa kwaya naye akayasema, na baba mdogo aliyezungumza kwa niaba ya ukoo. Mara ya sita ilikuwa ya Mchungaji, amesimama kando ya kifusi katikati ya migomba, pindo la joho lake limeingia udongo mwekundu. Baada yake likafuata lile jingine linaloandamana nalo siku zote: sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi.

Kwetu Kilimanjaro watu huzikwa nyumbani, kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lizungukalo nyumba, karibu na mlango ambao marehemu alikuwa akiupita utotoni. Kwa hiyo maneno ya kaburini hayabaki makaburini. Unayaacha pale nje, na kesho asubuhi ukitoka na mswaki unayakuta.

Alikuwa na miaka 29. Alijifungua mtoto wa kike alfajiri, salama, kisha akaanza kutokwa na damu. Hospitali, ambayo sitaitaja, haikuwa na damu ya kundi lake kwenye jokofu siku ile. Wakaanza kupiga simu kwa ndugu. Mimi na yeye tulikuwa kundi moja, na mimi nilikuwa Dodoma kikazi. Niliposhuka kwenye basi Moshi usiku, shemeji hakuniambia kitu. Alinipokea mkoba, akanishika mkono, akaniongoza kwenye gari kama mtu anayemwongoza kipofu.

Swali lililonikaba pale kaburini, basi, halikuwa kama Mungu yupo. Sijawahi kulishika swali hilo kwa muda mrefu, hunitoka mikononi. Langu lilikuwa dogo zaidi na gumu zaidi: kazi ipi? Jokofu tupu ndiyo kazi yake? Saa zile nne za kupiga simu? Basi langu lililosimama Kondoa kwa sababu ya gurudumu? Na kama hayo yote ni kazi yake na hayana makosa, yule niliyekuwa nikimwita Baba tangu utoto ni nani hasa?

Nimelibeba swali hilo miaka mingi. Sikusoma chuo cha theolojia. Mimi ni mzee wa kanisa wa kawaida tu, Mlutheri niliyezaliwa ndani ya Ulutheri, mwenye kabati moja la vitabu na Biblia ya Union iliyoachia jalada. Naandika kwa sababu naamini msemo ule, ambao tunaurithishana kwa upendo, unamsingizia Mungu.

Lakini nitaanza kwa kuutetea, kwa maana niliwahi kumwendea yule Mchungaji, miaka miwili baadaye, alipokuwa amestaafu. Nilimkuta akipalilia kahawa. Nikamwamkia, "Shikamoo Mchungaji," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akanipa kigoda, na nilipokwisha kusema lililonileta alinyamaza kwa kitambo. Kisha akasema: "Mwanangu, pale kaburini usiposema ni Mungu, jioni watasema ni jirani."

Akanisimulia mahali alipotumika akiwa kijana, walipomzika mwanamume wa miaka ishirini na kitu, na kabla wiki haijaisha bibi mmoja mzee mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni alilazimika kukimbia kijiji usiku. Tangu siku ile, alisema, hajawahi kuacha kaburi wazi bila kuwafungia watu mlango wa kutafuta mchawi. "Kazi ya Mungu maana yake ni: nendeni nyumbani, msimguse mtu."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Nilirudi nikiwa na aibu kidogo, maana nilikwenda kumshtaki mtu aliyekuwa akilinda wazee. Na bado nilipolala usiku ule niliona upande wa pili wa mlango uleule. Msemo unaomlinda bibi asiye na hatia unamlinda pia mwenye hatia. Ukimfungia mlango anayetafuta mchawi, umemfungia na anayeuliza kwa nini damu haikuwepo.

Sisi Watanzania tunalijua hili kwa gharama kubwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 800 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101, na waliokufa walipita 220. Hesabu ya abiria ni hesabu ya mwanadamu. Ukisema juu ya maiti hizo kwamba kazi ya Mungu haina makosa, umefuta makosa ambayo yalikuwepo, tena yenye tarakimu.

Hata neno letu la ajali limebeba mzigo huo. Asili yake Kiarabu, ni muda uliowekwa, siku ya mtu aliyoandikiwa. Tukasema ajali haina kinga. Lakini ajali nyingi zina kinga. Kinga yake ni breki, ni jaketi la kuokolea, ni chupa ya damu yenye lebo sahihi.

Na kuna hesabu nyingine iliyonitikisa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria kwamba katika nchi yetu akina mama 556 hufa kwa uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ulikadiria 104. Nilipoziona tarakimu hizo mbili pamoja nilikaa kimya muda mrefu. Kama kila kifo kile kilikuwa Mungu akimpenda mtu zaidi yetu, basi kati ya tafiti hizo mbili upendo wake umepungua mara tano. Hakuna Mkristo anayeweza kuyasema hayo. Kilichotokea ni kwamba watu walijenga vyumba vya upasuaji, wakafundisha wakunga, wakaweka damu kwenye majokofu. Na mimi naamini kwamba hiyo ndiyo kazi ya Mungu.

Watu wakitaka kuukaza msemo huu kwa Maandiko hukimbilia kwa Ayubu. "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe." Ni sura ya 1, mstari wa 21. Mahubiri mengi ya mazishi huishia hapo, kana kwamba kitabu nacho kiliishia hapo. Kina sura 42. Ukigeuza kurasa chache tu, sura ya 3, mtu huyohuyo anasema, "Na ipotelee mbali ile siku niliyozaliwa mimi," na kuanzia hapo haachi kulia, kushtaki, kudai Mungu aje wasimame mbele ya hakimu. Rafiki zake watatu wanafanya kile ambacho sisi hufanya kwenye turubai la msiba: wanamtetea Mungu. Wana majibu mazuri, yenye mpangilio, yanayoheshimu ukuu wake. Ayubu anawauliza kama wanadhani Mungu anahitaji kutetewa kwa uongo.

Mwishoni Mungu anasema nao, na anachosema kilipaswa kutunyamazisha sisi wazee wa kanisa angalau kwa mwaka mmoja: "ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Waliomtetea walikosea. Aliyepiga kelele alinena sawa.

Nikiri pia kwamba katika hotuba ile ndefu ya upepo wa kisulisuli kuna mahali pananichoma. Sura ya 39 Mungu anamuuliza Ayubu kama anajua majira ya kuzaa kwao mbuzi-mwitu wa majabalini, kama anaweza kuhesabu miezi yao, wanavyoinama wakazaa na uchungu wao ukawatoka. Nimesoma maneno yale nikiwa na hasira: Wewe unayejua saa ya kuzaa ya mbuzi mwamba, ulikuwa unajua na ile ya kwetu? Kwa miaka kadhaa nilisoma mstari ule kama dhihaka. Sasa nausoma kama mtu anayeonyeshwa mahali ambapo jicho la Mungu hukaa: pale chini, kwa mnyama aliyeinama, asiye na mkunga. Sijui kama hasira imekwisha. Imepata mahali pa kuketi.

Mtume Paulo anaandika kwa Wakorintho: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Adui. Nimesikia mstari huu ukisomwa kwenye ibada ileile ambamo dakika kumi baadaye inatangazwa kwamba mauti haya ni kazi ya Mungu isiyo na makosa, na hakuna anayeshtuka. Kama mauti ni adui wa Mungu, basi kaburi ni ushahidi kwamba vita bado haijaisha.

Hapo ndipo mtu mwenye akili atakaponiuliza: na Mwenyezi je? Kila Jumapili tunasimama tunakiri, namwamini Mungu Baba Mwenyezi. Kama yote hayatoki kwake, uenyezi wake uko wapi?

Neno lenyewe ni mwenye ezi, mwenye nguvu na enzi. Nyuma yake katika Imani ya Kiyunani kuna neno Pantokrator, nalo limefumwa kutokana na kitenzi cha kushika, kukamata, kutawala. Ni yeye anayeshika vyote. Kushika vyote si sawa na kufanya kila kitu. Mama aliyembeba mtoto mgongoni anamshika mtoto, na mtoto anaweza kumpiga teke mgongoni, na mama hajalifanya teke lile. Mfano wangu una mapungufu yake, kama mifano yote juu ya Mungu. Lakini naona una ukweli zaidi kuliko picha ya fundi anayekaza kila skrubu ya dunia, pamoja na ile iliyolegea kwenye gurudumu la basi.

Kiswahili chetu kinanisaidia mahali ambapo sikutegemea. Neno Mungu, kwa umbo lake, limekaa kwenye ngeli ya mti, mto, moto, moyo: wingi wake ni miungu, kama miti na mito. Vitu vya ngeli hiyo huota, hufurika, huunguza. Mto ukifurika hauulizwi. Lakini hakuna Mswahili anayesema "Mungu umetenda". Tunasema ametenda, anasikia, yupo. Upatanisho wa sarufi tumempa wa mtu. Na tazama Kutoka 20 katika Biblia ya Union: "Usiwe na miungu mingine ila mimi." Mingine, si wengine. Miungu ya uongo imeachwa kwenye ngeli ya moto na mto. Mimi naona sarufi ile ni imani nzima. Na naona kwamba tunaposema kazi ya Mungu juu ya jeneza la mtu aliyekufa kwa kukosa damu, tunamrudisha kule lilikotoka neno lake: tunamfanya mto uliofurika, moto ulioruka boma.

Bibi yetu mzaa baba alikuwa akitusimulia habari za Ruwa, jina ambalo kwa Kichaga ni la jua na la Mungu pia. Kwa jinsi alivyoyapokea kwa wazee wake, Ruwa hakuwa wa kuogopwa. Waliokuwa wakitia watu hofu ni wengine, mizimu na wanadamu. Mtu akiugua, hawakuanza kwa kumshuku Ruwa. Siwatukuzi wazee kwa kila jambo. Lakini nashangaa kwamba sisi tuliosoma Injili tumefika mahali pa kumshuku Mungu kwanza na kuita kumshuku huko unyenyekevu.

Katika Ulutheri wangu nilikuta maneno yaliyonifungua. Aprili 1518, huko Heidelberg, Martin Luther aliweka hoja mbele ya watawa wenzake, na ya 21 inasema hivi: mwanatheolojia wa utukufu huuita ubaya wema, na wema ubaya, mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kile kilicho. Niliisoma kwenye daladala, nikaisoma tena, nikapitiliza kituo. Kukiita kitu kile kilicho. Damu haikuwepo. Mtu alipaswa kuiagiza. Mdogo wangu alikufa, na ni vibaya. Ibada ya mazishi ingeweza kuyasema haya, kisha ikasimamisha msalaba katikati yake, na isingekuwa na imani pungufu.

Luther hakuwa mtu wa maneno tu. Septemba 1542 binti yake Magdalena, mwenye miaka 13, alifia mikononi mwake. Siku chache baadaye alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kumshukuru Mungu kwa mwisho mwema wa mtoto wao, na hawawezi, kwani upendo wa asili una nguvu mno, na wanalia kwa kwikwi. Mwalimu wa kanisa zima, na pale nyumbani ni baba tu. Naupenda ukweli wake kuliko mahubiri yake mengi.

Ila sitaficha kwamba Luther huyohuyo, mwaka 1525, aliandika juu ya Mungu aliyejificha, ambaye katika ukuu wake hatendi kwa kusikitikia mauti bali hutenda uzima na mauti na yote katika vyote. Na Isaya 45:7 iko palepale, haiondoki: "Mimi naiumba nuru, na kulihuluku giza, mimi nafanya suluhu, na kuhuluku ubaya." Nimejaribu kuizunguka. Nimesoma wafafanuzi wanaosema ubaya pale ni maafa ya taifa, ni vita, ni hukumu ya Babeli, na nadhani wana haki. Lakini mstari bado una uzito ambao ufafanuzi hauumalizi. Kuna upande wa Mungu ambao hauna uso. Luther mwenyewe, baada ya kuuandika, anashauri tusiende huko. Anatuambia tushikamane na Mungu jinsi alivyojivika Neno lake, kwenye hori na msalabani. Kwa miaka nilidhani ni ushauri wa mtu aliyeshindwa na hoja. Sasa nadhani ni wa mtu aliyekwishafika ukingoni, akaona, akarudi kutuambia wapi pana ngazi.

Ngazi yangu mimi ni Yohana 11. Martha, ambaye ndugu yake Lazaro amekufa, anatoka kumlaki Yesu njiani na maneno haya: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Kiswahili kina -nge- na kina -ngali-. Penye -nge- mlango bado umeegeshwa tu. Penye -ngali- umekwisha fungwa, na anayesema anajua. Nilipoupata mstari huo baada ya msiba sikuusikia kama Martha anavyomwambia Yesu. Niliusikia kama mdogo wangu anavyoniambia mimi. Kaka, kama ungalikuwapo.

Kisha nikasoma mbele. Yesu anawaona wanalia, na Biblia yetu inasema "aliugua rohoni, akafadhaika roho yake". Neno la Kiyunani lililotumika hapo kwa kuugua lina ukali zaidi ya Kiswahili chake. Ni neno ambalo Wayunani walilitumia hata kwa farasi anayekoroma kwa hasira. Amekasirika. Mbele ya kaburi la rafiki yake, Mwana wa Mungu amekasirika, kisha mstari mfupi sana: "Yesu akalia machozi."

Mzee mmoja aliyeishi Aleksandria karne ya 4, Arius, angesema hapo: mnaona? Anayelia, anayeona njaa, asiyejua saa, hawezi kuwa Mungu halisi. Mungu halisi haguswi. Ni hoja yenye mantiki sana. Na maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 waliikataa, wakakiri kwamba huyu ni Mungu kweli kwa Mungu kweli, mwenye umungu mmoja na Baba. Watu huliona jambo la Nikea kama ugomvi wa maneno ya Kiyunani. Kwangu ni suala la kihamba chetu. Kama Arius ana haki, basi pale kwa Lazaro amelia kiumbe fulani bora, na Mungu mwenyewe yuko mbali, macho makavu, akifanya kazi yake isiyo na makosa. Kama Nikea ina haki, machozi yale ni ya Mungu.

Najua mababa wa kanisa waliendelea kusema kwamba Mungu kwa asili yake hateseki. Walikuwa na sababu: miungu ya Wayunani ilirushwarushwa na wivu na tamaa, nao hawakutaka Mungu anayepeperushwa. Kirilo wa Aleksandria, karne ya 5, akaliweka kwa namna ya ajabu, kwamba Neno, yaani Kristo, aliteseka bila kuteseka. Sidai kulifungua fumbo hilo. Nadhani alikuwa anashika vitu viwili ambavyo vyote vinahitajika. Kwa maana Mungu anayelia tu hanitoshi. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyempinga Hitler, aliandika kutoka gerezani Berlin, Julai 1944, kwamba ni Mungu anayeteseka pekee awezaye kusaidia, na mtu aliyeandika hivyo akiwa mfungwa, kisha akauawa mwaka uliofuata, ana haki ya kuyasema. Lakini mdogo wangu hakuhitaji mtu wa ziada wa kulia. Waliaji walikuwepo ukumbini. Alihitaji damu.

Ndiyo maana sisomi machozi ya Yohana 11 bila kufika mstari wa 39. "Liondoeni jiwe." Anayekwenda kumwita mfu kwa jina, na mfu akaja, hawezi kusukuma jiwe? Anawaachia wao. Na Lazaro akitoka bado ana sanda, na Yesu hamgusi, anawaambia, mfungueni. Katikati ni lile ambalo hakuna mwanadamu anayeliweza, na pande zote mbili ni kazi ya mikono ya majirani. Ninapofikiria zile tarakimu, 556 na 104, namwona mkunga fulani wa zamu ya usiku akiondoa jiwe.

Na Lazaro alitoka, na wa kwetu hakutoka. Hapo sina la kuongeza. Nina ahadi tu, na siku nyingine ahadi ni nzito kuishika kuliko siku nyingine.

Usiku ule wa mazishi, watu walipokwisha kupungua, tulikaa kwenye mikeka sebuleni. Shangazi yetu mkubwa aliombwa afunge kwa sala. Hakusoma zaidi ya darasa la nne. Alipiga magoti kwa shida, akashika kiti, akasema: "Baba, hili hatukulipenda. Tunakuambia wazi. Na tunavyokujua, na wewe hukulipenda. Basi kaa hapa na sisi." Akasema amina. Ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu Dodoma. Vitabu vyote nilivyosoma baadaye nilikuwa nikitafuta ruhusa ya kuiamini sala ile.

Siku hizi nachangia damu kila baada ya miezi mitatu. Natolewa chupa, napewa soda, naondoka.

Desemba, kama ilivyo desturi yetu, sote hupanda mlima kwenda nyumbani kwa Krismasi, na siku moja kabla ya sikukuu tunasafisha makaburi. Mwaka jana mpwa wangu, yule aliyezaliwa alfajiri ile, alikuwa ananisaidia kung'oa magugu kwenye kaburi la mama yake na kupunguza masale yaliyoota kuzunguka. Bila kuinua uso akaniuliza, "Mjomba, ni kweli Mungu alimhitaji mama mbinguni?"

Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema watu.

Nikamwambia, "Hapana. Mama yako alitokwa na damu nyingi, na hapakuwa na damu ya kumwongezea. Ilipaswa iwepo."

Akaendelea kung'oa. Baadaye akasema, "Kwa hiyo Mungu hakutaka."

"Hakutaka."

"Alikasirika?"

"Nadhani alikasirika. Na alilia."

Alilifikiria hilo kwa muda, mikono yake imejaa udongo. Kisha akaniambia nishike ndoo vizuri, maji yanamwagika kwenye miguu yake, na kwamba sale lile la pembeni tusilikate, tulihamishie upande wa kichwani, ambako jua la asubuhi hufika mapema.